Injini ya Lori, Giaboksi ya Gari Dogo

Askari wa doria aliyepangiwa Nchelenge hukutana na nchi mbili katika safari moja. Ya kwanza ni ya lami, itokayo Mansa na kulifuata bonde la Luapula mpaka mjini. Ya pili huanza pale gari linapoiacha lami kuelekea vijiji vya wavuvi kandokando ya Ziwa Mweru: mchanga wakati wa kiangazi, utelezi tangu Novemba hadi Aprili. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Mwaka 2017, wakimbizi walipovuka mpaka kwa maelfu na kuingia Chiengi na Nchelenge, walihitajika polisi, maafisa wa uhamiaji na waganga kuwafikia upesi. Gari lililozama topeni halimfai mtu siku kama hizo.

Kwa hiyo simcheki fundi anayelichukua Land Rover lililochoka, akaing'oa injini yake ya petroli na kulitia ya lori la Isuzu. Wapo wanaoliita gari hilo chotara, na aghalabu ni watu ambao hawajapata kulala porini.

Jeshi la Australia lilifanya jambo hilo hilo, tena kwa mpango. Gari lake liitwalo Perentie, lililoanza kuingia kazini mwaka 1987, lilikuwa Land Rover lenye injini ya dizeli ya Isuzu, silinda 4, lita 3.9, iliyokusudiwa malori. Nyuma yake ilifungwa giaboksi ya gia 4 yenye asili ya Range Rover ya mwaka 1970, gari la petroli la silinda 8. Ndoa hiyo ya ajabu ilitumika jeshini kwa zaidi ya miaka 20.

Haikudumu kwa bahati. Giaboksi ile ilikuwa na kifua cha kupokea nguvu kubwa, na injini ya lori huvuta kwa nguvu ingali inazunguka polepole. Gia 4 zikatosha. Lakini injini ya namna hii haikimbii kama ya petroli. Fundi asipobadili uwiano wa meno, gari litapanda kilima kwa ushujaa kisha litambae kwenye lami kama jongoo. Tena ni nzito, springi za mbele sharti ziimarishwe. Na lile bamba la chuma linalounganisha injini na giaboksi, likichongwa kombo hata kwa unene wa unywele, beringi ya shafti hufa na klachi huanza kutetema.

Hayo mafundi wetu wengi wanayajua. Lawama yangu iko kwingine.

Nilipata kusafiri katika gari la namna hiyo, mali ya kituo ambacho sina haja ya kukitaja. Klachi ikafa mbali na mji, mvua ikinyesha. Pleti yake ilikuwa ya lori, lakini kitovu kilikuwa kimetolewa katika gari jingine na kupigwa ribiti. Aliyejua ni gari gani alikuwa mtu mmoja tu, naye alikwisha kuhamishwa. Daftari la gari lilikuwa na kilomita na lita za mafuta; juu ya klachi, hata mstari mmoja. Tulikaa pale siku tatu, tukiwa na injini nzima isiyo na ubaya wowote.

Wapo watakaosema kazi ya askari ni kuendesha, si kuunda. Hao waende Kibaha, ambako mradi wa Nyumbu ulio chini ya Wizara ya Ulinzi ya Tanzania ulizaliwa kwa kusudi la kuunda magari yanayofaa njia za nchi hiyo. Ugumu si kuunda gari moja. Ugumu ni kuunda la pili lifanane na la kwanza, hata pleti ya hili iingie katika lile bila kupigwa nyundo.

Basi, ndugu mkuu wa karakana, andika namba ya pleti, idadi ya meno ya shafti, vipimo vya bamba na gari kilikotoka kila kipuri. Nakala moja ikae chini ya kiti cha dereva, nyingine karakanani. Na fundi akipata uhamisho, asikabidhi funguo kabla mrithi wake hajaishusha giaboksi hiyo na kuirudisha kwa mikono yake mwenyewe, yeye akimtazama.