Daftari Lililochomwa

Rafiki yangu wa Ludara alichora katuni ya kurasa arobaini kuhusu mjane anayependwa tena. Katika ukurasa mmoja tu, wawili hao wamelala uchi. Mzee mmoja aliuona huo, akalitupa daftari zima motoni. "Ponografia!" Zile thelathini na tisa hakuzisoma.

Sikubali. Mwaka 1962 Mfaransa Jean-Claude Forest alianza kuchora Barbarella, mwanamke wa anga za mbali anayejichagulia mwenyewe mpenzi. Kitabu kilipotoka 1964, serikali ilikibana kwa sheria ya 1949 ya kulinda watoto, ingawa kilichorwa kwa ajili ya watu wazima. Mwaka 1983 Forest huyohuyo akapewa tuzo kuu ya tamasha la katuni la Angoulême. Watu walikuwa wamejifunza kusoma hadithi nzima.

Mtaniambia hayo ni ya wazungu. Haya, turudi kwetu. Sheria ya kupinga ponografia ya 2014 ilikuwa pana mno, hata wahuni wa Kampala wakajipa ruhusa ya kuwavua wanawake nguo barabarani eti sketi ni fupi. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vyake muhimu. Majaji wameshaelewa, sisi bado tunawasha kiberiti.

Watoto walindwe, naam, na katuni kama hiyo iwekwe mbali nao. Lakini mjane wa Ludara ni mtoto wa nani?

Rafiki yangu ameanza kuchora upya. Daftari hili la pili linalala kwangu.