Kikombe cha Loliondo na ushahidi wa upande mmoja

Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka ndani na nje ya Tanzania walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki dunia mwaka 2021.

Kikombe kiligharimu Sh500 tu, na kilidaiwa kutibu Ukimwi, kisukari na saratani.

Kilichowavuta wengi ni shuhuda za waliosema wamepona. Hata hivyo, aliyepata nafuu hurudi akasimulia. Aliyezidiwa hukaa kimya, na aliyefariki hana wa kumsemea.

Kosa la pili ni kudhani kuwa kila linalofuata jambo limesababishwa nalo. Maradhi mengine hupanda na kushuka yenyewe. Nafuu baada ya kikombe haithibitishi kuwa kikombe ndicho kilichoponya.

Gharama yake ilikuwa kubwa: wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, na wapo waliofia katika foleni.

Kila tiba mpya inapotangazwa, haitoshi kuuliza wangapi wamepona. Yafaa kuuliza pia walikunywa wangapi, na nani aliwapima kabla na baada.