TAHARIRI: Bunagana, unalipa parkingi mbele ya kuona ndege

Kila mtu aliyefika Bunagana kwa motokari ao pikipiki anajua mambo yanavyoanza. Hujazima hata mashini, kijana mwenye kitabu cha jetoni amekwisha kusimama pembeni yako. Unalipa parkingi. Ukisogea mita mia mbili kuelekea mpaka ili ungojee mtu, mwingine anakuja, naye ana kitabu chake. Ukimwonyesha jetoni ya kwanza, anakujibu kwamba ile ni ya upande ule. Basi unalipa tena, ao unabishana mpaka jua linakuwa kali, ao unageuza pikipiki na kurudi ulikotoka.

Leo tunataka kuongea juu ya huyu anayegeuza na kurudi. Mchuuzi hawezi kurudi, kwa sababu mali yake iko ndani ya lori. Dereva naye hawezi, bosi wake anamngoja Goma. Anayerudi ni yule aliyekuja kuangalia tu: mwalimu na wanafunzi wake, baba na watoto wake siku ya Mungu, ao mgeni aliyelala Kisoro, ng'ambo ya mpaka, na ambaye alitaka kupitisha asubuhi moja akiangalia ndege kwenye miteremko ya Sabyinyo. Huyo hana mzigo wa kumfunga. Anaondoka kimya, na hasara anayotuachia haiandikwi kwenye kitabu chochote.

Wengine watacheka. Ndege? Wakati huu? Tangu tarehe 13 Juni 2022 Bunagana iko mikononi mwa M23, na tangu mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma pia. Wakaaji wa Jomba, wa Kiwanja na wa Rutshuru wamekimbia, wamerudi, na wamekimbia tena. Kuna mama ambao hawajui watoto watakula nini jioni. Tunakielewa kicheko hicho. Lakini tunamwomba msomaji atusikilize mpaka mwisho, kwa maana mama huyo huyo ndiye anayeuza ndizi na chai pale parkingi, na mgeni anaporudi bila kushuka, yeye ndiye wa kwanza kupoteza.

Tuanze na mali tuliyo nayo. Kongo yetu ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na inatajwa kati ya inchi za kwanza kabisa katika Afrika kwa wingi wa ndege. Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1979, peke yake ina aina zaidi ya 700. Sehemu ya milima, pale juu ya Bunagana na Jomba, ina ndege ambao haupati mahali pengine duniani isipokuwa kwenye milima hii inayogawanya Kongo, Uganda, Rwanda na Burundi. Mmoja wao ni turako wa Rwenzori, ndege mkubwa mwenye rangi ya kijani na buluu, ambaye akiruka tu unaona mabawa mekundu kama moto. Wako pia wale wadogo wanaonyonya maua, wanaong'aa kama shaba iliyosuguliwa.

Ukishuka kwenye mabonde yenye maji utakuta musambi, yule mwenye taji la dhahabu kichwani. Ndiye Waganda wamemweka katikati ya bendera yao. Ni ndege wa mashamba yetu pia, na leo wataalamu wa dunia wanamhesabu kati ya wale walio hatarini kumalizika. Ukiendelea mpaka Vitshumbi, kwenye mwambao wa ziwa Edouard, utakuta pelikani na marabu wakitembea katikati ya wavuvi, wakingojea matumbo ya samaki kama vile kuku wanavyongoja mahindi kwenye uwanja wa nyumba. Na hata ukibaki Goma, kando ya ziwa Kivu, kila mwaka kuanzia mwezi wa tisa mbayuwayu wanakuja kutoka Ulaya. Wanapita juu ya jangwa na juu ya misitu, na hakuna anayewadai jetoni.

Sasa tutazame ng'ambo. Mbuga ya Mgahinga, inayoonekana kwa macho ukiwa Bunagana, haizidi kilometre za mraba 34. Virunga ina karibu 7,800. Ni mlima ule ule, mianzi ile ile, na turako yule yule anayelala Uganda na kuamkia Kongo. Lakini upande ule kuna watu ambao kazi yao ni ndege. Wanajua sauti zao, wanajua mti gani unazaa matunda mwezi gani, na mgeni anawalipa ili wamtembeze tangu mapambazuko. Kuna hoteli ndogo, kuna wapishi, kuna wenye motokari. Sheria ya Uganda inasema asilimia 20 ya pesa zinazolipwa mlangoni mwa mbuga zirudi kwa wakaaji wanaoishi kandokando yake. Mtu anaweza kulaumu namna sheria hiyo inavyotumika, lakini imeandikwa, na mkaaji anaweza kuidai.

Bunagana ilikuwa na nafasi hiyo. Wazee wa Jomba wanakumbuka wakati wazungu walivuka mpaka kwa miguu asubuhi ili kupanda kuona sokwe, na vijana walibeba mizigo yao. Mwaka 2021 Kongo na Uganda walipatana kutengeneza barabara za kilometre 223, na kati yake kilometre 89 ni zile za Bunagana, Rutshuru mpaka Goma. Wengi walianza kuota maduka, hoteli na wageni. Vita vikarudi na kazi ikasimama.

Kwa hiyo hatutaki kumdanganya mtu. Si jetoni ya parkingi iliyofukuza watalii. Mwezi wa tano mwaka 2018, Rachel Masika Baraka, mlinzi wa mbuga mwenye miaka 25, aliuawa akitetea wageni waliotekwa, na Virunga ikafunga milango kwa watalii mpaka mwaka 2019. Tarehe 24 Aprili 2020, walinzi 12 waliuawa karibu na Rumangabo, kwenye barabara ile ile ya Goma na Rutshuru. Mtu ambaye anafikiri kwamba kupunguza bei ya parkingi kutaleta ndege iliyojaa wageni wiki ijayo, huyo anajidanganya. Amani ndiyo ya kwanza.

Lakini amani ikifika itatukuta na tabia gani? Hapo ndipo tunapotaka kukaza. Watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walihesabu mwaka 2017 barieri 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Zilikuwa za jeshi, za makundi yenye silaha, za watumishi wa serikali, hata za watu ambao hakuna aliyejua wamewekwa na nani. Hiyo ilikuwa mbele ya M23 kurudi. Mazoea ya kumdai kila anayepita hayakuletwa na kundi moja wala hayataondoka na kundi moja. Yameingia katika damu ya kila anayepewa kamba ya kufunga barabara.

Katiba ya inchi yetu, katika kifungu cha 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Hatusemi kwamba parkingi ni wizi kwa jina lake. Duniani kote miji inalipisha watu wanaosimamisha motokari. Parkingi ya kweli ni bei ya kitu: nafasi iliyosawazishwa, mtu wa kulinda pikipiki isiibiwe, choo kilicho safi, kivuli cha kujikinga na mvua. Mtu akipata hivyo, analipa na anashukuru. Pale kwetu mtu analipa ili asimame kwenye matope, na pikipiki ikiibiwa anaambiwa kwamba jetoni haikuwa ya ulinzi. Basi ilikuwa ya nini?

Kwa mtu anayependa ndege shida inakuwa kubwa zaidi. Anayeangalia ndege hasimami mahali pamoja. Anasimama kwenye bonde, anatulia dakika kumi, anasogea mpaka kwenye mti mwingine, anasimama tena. Kama kila kusimama ni jetoni, asubuhi moja inakuwa ya bei kuliko chakula cha nyumbani cha siku tatu. Kisha anatoa darubini, zile tunaita jumeli, na mara moja anaulizwa anapeleleza nani. Tunajua mpaka una sheria zake na usalama ni jambo zito. Lakini mara nyingi swali hilo linaisha pale franka zinapotoka mfukoni, na hapo kila mtu anaelewa kwamba halikuwa swali la usalama.

Goma nayo isijifiche nyuma ya Bunagana. Tuna ziwa moja kati ya maziwa mazuri ya Afrika, lakini hesabu mwenyewe: ni mahali pangapi mtoto wa Ndosho ao wa Majengo anaweza kufika kwenye maji bila kulipa? Kuta ndefu za nyumba na za hoteli zimefunga mwambao. Mahali pa hoteli unalipa kuingia ao unalazimishwa kununua kinywaji, na nje unalipa parkingi. Panapobaki wazi ni kule wanakoshukia wavuvi na wachuuzi, kama Kituku, kwenye msongamano na uchafu. Watoto wengi wa mji huu wanajua ziwa kama mahali pa kuchota maji kwa bidoni. Hawajawahi kukaa hapo nusu saa wakiangalia mnandi akizama na kutoka na sambaza mdomoni. Tunashangaa kwamba vijana hawapendi mazingira, lakini tumewafungia mlango.

Tunajua pia jibu la wale vijana wa jetoni. Watatuambia: sisi tule wapi? Wengi wao hawana mshahara. Wanapewa kitabu asubuhi, jioni wanadaiwa kiasi kilichopangwa, na kinachozidi ndicho chakula chao. Ndiyo maana wanakimbilia kila pikipiki. Hatuwachukii. Ni watoto wetu, na makosa si yao peke yao. Yule aliyewapa kitabu bila mshahara ndiye aliyewatuma kugombana na wageni, na yeye haonekani pale parkingi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache, na tunayapeleka kwa kila anayekusanya pesa ya wanainchi, leo ao kesho, chini ya bendera yoyote.

Kwanza, bei iandikwe kwenye kibao, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, pamoja na jina la ofisi inayopokea pesa. Pili, jetoni moja itoshe kwa siku nzima na kwa mji mzima, na aliyelipa asiulizwe tena. Tatu, anayesimama kwa nusu saa asilipe kitu, na shule zinazoleta wanafunzi zisilipe hata kidogo. Nne, mkusanyaji awe na mshahara unaojulikana na kitambulisho kifuani. Tano, sehemu ya pesa hizo ibaki pale pale na ionekane: choo, kivuli, mtu wa kulinda, na mafunzo kwa vijana wachache wa Jomba ili wajue majina ya ndege wao na waweze kuwatembeza wageni siku wageni watakaporudi. Na kwa Goma, mji uache mahali wazi pa kutosha kwenye mwambao ambapo mtoto anaweza kukaa bure.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo linalongojea Doha ao Washington. Wakubwa waliweka saini Washington tarehe 27 Juni 2025, na Doha tarehe 19 Julai, na tunaomba Mungu karatasi hizo zizae matunda. Lakini kuandika bei kwenye kibao kunahitaji mbao, rangi, na mtu ambaye haogopi hesabu yake ionekane.

Wazee wa Kiswahili walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumegeuza maneno hayo. Mgeni anakuja, mwenye kitabu anapona siku moja, na mama wa ndizi, mwenye motokari, mwenye nyumba ya kulala na kijana ambaye angeweza kuwa mtembezaji wanabaki kama walivyokuwa. Mfugaji wa Rutshuru anajua kwamba ng'ombe anakamuliwa kila siku kwa sababu kwanza amelishwa. Hata siku moja hatujamwona anayekamua ng'ombe akiwa bado barabarani, hajafika zizini.

Mwezi wa tisa mbayuwayu watarudi. Watapita juu ya Bunagana kama kila mwaka. Tungependa siku hiyo, kwenye kilima cha Jomba, kuwe na mwalimu mmoja na wanafunzi wake ishirini wanaowaonyesha kwa kidole, na pikipiki zao zimesimama chini salama, zimelipiwa mara moja ao hazikulipiwa kabisa.