Mlima Haukimbii: Tupange Kabla ya Kupanda

Maoni ya mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Tangu chama chetu kikubaliane kwamba ziara ya mwaka huu iwe ya kupiga kambi katika Mbuga ya Taifa ya Mlima Kenya, hakuna gumzo lingine bwenini. Ukipanga foleni ya chai, ni Lenana. Ukienda kufua, ni Lenana. Hata katika prep, badala ya kufanya hesabu, watu wanachora mlima.

Mimi naiunga mkono ziara hii mia kwa mia. Sisi wa Doldol tunauona mlima ule kila asubuhi mawingu yanapokosekana. Wageni hutoka Ulaya na Marekani, wakavuka bahari, wakashukia Nanyuki na kuupanda. Sisi tulio karibu nao wengi tunaujua kwa macho tu, kama mtu aketiye mtoni akanawa kwa mate. Jambo hilo halifai kuendelea.

Ninalopinga ni mpango uliosomwa katika mkutano uliopita na kushangiliwa kwa makofi. Wenzetu wanataka hivi: wakati wa mapumziko mafupi ya mwezi wa Februari, tulale kwenye lango la Sirimon siku ya Alhamisi. Ijumaa tupande moja kwa moja hadi kambi ya Shipton's. Jumamosi saa tisa usiku tuondoke na tochi, jua litukute Lenana, halafu tuteremke siku hiyo hiyo hadi langoni. Jumapili tuwe nyumbani. Eti siku chache ni pesa chache. Mimi nasema mpango huo ni hatari, na sitaupigia kura.

Hebu tutazame tarakimu. Mji wa Nanyuki uko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Lango la Sirimon liko mita 2,650 hivi. Kambi ya Old Moses, kilomita tisa kutoka langoni, iko mita 3,300. Shipton's iko karibu mita 4,200, na Lenana ni mita 4,985. Maana yake ni kwamba wenzetu wanataka tuamke Ijumaa mita 2,650 na usiku huo huo tulale mita 4,200. Huko ni kuruka zaidi ya mita 1,500 kwa siku moja, kwa mguu, na mzigo mgongoni. Washauri wa mambo ya milima husema kwamba ukishapita mita 3,000, kitanda chako kisipande zaidi ya mita 500 hivi kutoka usiku mmoja hadi mwingine. Sisi tunataka kuzidisha mara tatu!

Sababu yake si siri. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Ukifika Lenana, oksijeni unayoipata kwa kila pumzi ni karibu nusu ya ile anayoipata mtu wa Mombasa. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku kadhaa. Ukiulazimisha, kwanza kichwa kinauma, chakula kinakukinai, unatapika na usingizi unapaa. Ukikaidi ukaendelea kupanda, maji yanaweza kuingia mapafuni au ubongo ukavimba. Hapo mtu anakohoa povu, anapepesuka kama mlevi, anasema maneno yasiyoeleweka, na asipoteremshwa haraka atakufa. Tena ugonjwa huu hauogopi misuli. Usiseme, "Mimi ni bingwa wa mita 1,500, utanipitia mbali." Mkimbiaji hodari huugua kama mwingine yeyote, na mara nyingine yeye ndiye wa kwanza kuugua manake ndiye anayetangulia kwa pupa.

Sisi wafugaji hatuhitaji mwalimu wa kutoka mbali kutufundisha jambo hili. Mwaka wa 2009, ukame ulipotubana, wafugaji wengi wa Laikipia na Samburu walipeleka mifugo yao hadi misitu ya Mlima Kenya kutafuta malisho. Majani yalikuwako, lakini ng'ombe wengi waliozoea joto la huku chini walikufa kwa baridi na magonjwa. Ikiwa fahali mwenye ngozi nene alishindwa, sembuse mtoto aliyevaa sweta moja la shule? Isitoshe, mchungaji mwenye akili huongoza kundi kwa mwendo wa ndama, wala si kwa mwendo wa fahali. Ziara ya shule nayo ipangwe kwa mwendo wa yule aliye dhaifu kuliko wote.

Sasa nieleze mpango wangu, kwa kuwa anayekataa lazima atoe lake. Siku ziwe zile zile nne. Alhamisi tupige kambi langoni Sirimon. Ijumaa tutembee polepole kilomita tisa hadi Old Moses, tukipita katika msitu wa miti mikubwa, tukiwa na askari au kiongozi kwa sababu ya ndovu na nyati. Tulale hapo. Jumamosi asubuhi tutoke bila mizigo, tupande taratibu kwenye uwanda wa nyasi na lobelia hadi saa sita, kisha turudi Old Moses tulale pale pale. Jumapili tuteremke. Kila mwanachama anaweza kwenda, hata yule mwenye pumu iwapo daktari atamruhusu. Na jambo kubwa ni hili: njia ya gari hufika Old Moses. Mtu akizidiwa, atateremshwa upesi. Kule Shipton's atabebwa kwa machela kilomita 14 kabla hajaliona gurudumu.

Nasikia watu wakiguna. "Sasa tutaenda mlimani tusifike Lenana? Shule zingine zitatucheka!" Mwingine alisimama mkutanoni akasema kilele kile ni chetu hata kwa jina. Kwa jina nakubali. Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika kilele cha Batian mwaka wa 1899, ndiye aliyevipa vilele vile majina ya viongozi wa Wamaasai: Batian kwa ajili ya laiboni Mbatian, na Lenana kwa ajili ya mwanawe. Lakini jina halimpi mtu pumzi. Laiboni alisifika kwa kuona mbele. Sisi tukienda bila kuona mbele tutakuwa tumelitia aibu jina hilo.

Kama mnataka mfano wa ushujaa, sikilizeni kisa cha wafungwa wa Nanyuki. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waitaliano wengi walifungwa katika kambi pale Nanyuki. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alikuwa akiutazama mlima kupitia seng'enge, akaamua kuupanda. Je, alikurupuka? Wapi! Yeye na wenziwe walijiandaa kwa miezi mingi. Waliweka akiba ya chakula kidogo kidogo, wakatengeneza vyuma vya kukanyagia barafu kutokana na vyuma chakavu, wakapata kamba za mkonge kutoka vitandani. Hawakuwa na ramani. Walitumia hata picha ya mlima iliyokuwa kwenye kibandiko cha kopo la nyama. Mnamo Januari 1943 watu watatu walitoroka: Benuzzi, Balletto na Barsotti. Barsotti alipougua, hawakumburura hadi juu, alibaki kambini. Wawili walijaribu Batian, hali ya hewa ikawashinda, wakageuka. Baadaye wakafika Lenana, wakasimika bendera yao, na baada ya siku 18 wakarudi kambini wote watatu wakiwa hai. Watu hao wanasifiwa hadi leo, na sifa yao imo pia katika kule kugeuka. Anayejua kurudi nyuma ndiye atakayepata nafasi ya kujaribu tena.

Atakaye Lenana basi aipangie ziara yake, likizo ya Agosti ambapo pia huwa kukavu, na aiwekee siku tano au sita ili mwili uzoee. Nami nitakuwa wa kwanza kuandikisha jina.

Kwa ziara hii ya chama, kuna mambo ya kushughulikia mapema. Kwanza, tuandike barua kwa Shirika la Wanyamapori, KWS, tuulize ada na nafuu ya wanafunzi, wala tusisubiri kubishana langoni. Pili, mavazi. Shuka ni nzuri lakini haitoshi. Kila mtu awe na sweta la sufu, koti la mvua, kofia, soksi za kubadilisha na viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Tatu, chakula. Kule juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90, kwa hiyo anayefikiria kubeba githeri mbichi atakaa na sufuria hadi usiku wa manane. Tubebe vitu vyepesi kuiva: unga wa uji, mchele, chapati, na ndengu zilizokwisha kuchemshwa shuleni. Nne, chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga tangu Juni 2020. Kila mtu aje na chupa yake ya kudumu.

La tano nalisema kwa herufi kubwa: MOTO. Februari ni mwezi mkavu. Moto wa mwaka wa 2012 na ule wa 2019, yote miwili katika majira hayo ya Februari na Machi, uliteketeza sehemu kubwa ya nyasi za mlimani. Tupikie jiko la gesi, na hadithi zetu tuzisimulie kwa mwanga wa tochi.

Msidhani mlima ule ni wa picha tu. Mito ya Sirimon, Likii na Nanyuki hutoka pale na kuingia Ewaso Ng'iro, mto ambao mifugo yetu huunywa na ambao watu hugombania maji yake kila kiangazi. Mwanafunzi aliyelala Old Moses akasikia maji yale yakianza safari atarudi Doldol akijua kitu ambacho picha ya Lenana haiwezi kumfundisha.

Mwisho, tukumbuke pesa hizi zinatoka wapi. Kuna mzazi atakayeuza mbuzi ili mtoto wake aende. Mzazi huyo hataki cheti cha kufika kileleni. Anataka mtoto arudi Jumapili jioni, amechoka, ana njaa, na ana mengi ya kusimulia. Mkutano ujao tutapiga kura. Wengine wapige makofi wapendavyo, mimi nitainua mkono kwa ajili ya Old Moses. Nawaomba mwinue nanyi. Mlima ulikuwapo kabla yetu, na haukimbii.