WAYA UKING'OLEWA, NANI ATALIPA?



Wengine watauliza, watu wa reli wana habari gani na motaboti ya starehe? Tunayo. Mwezi uliopita nahodha wa motaboti moja, ichukuayo wageni kuvua samaki kwa kujifurahisha huku Mombasa, alifukuzwa kazi, na tajiri wake ataka kuuzuia mshahara wake wa mwisho kwa ajili ya injini iliyokufa. Nahodha huyu ni shemeji ya mwenzetu wa karakana. Ndiyo sababu tulikwenda Jumapili kuitazama, watu watatu na masanduku yetu ya spana.

Mambo yalikuwa hivi. Taa nyekundu ya presha ya oili iliwaka na kengele ikalia, wageni wamo chomboni. Nahodha akazima injini, akatia nanga, akapiga simu. Akajibiwa ya kwamba kengele hiyo ni mbovu siku nyingi, maji ya chumvi yamekula swichi, ang'oe waya aendelee, kwa maana wageni wamekwisha lipa. Akaung'oa. Nusu saa kukawa kimya, kisha injini ikaanza kugonga, ikashika, ikasimama. Motaboti ikavutwa pwani kwa kamba kama punda mgonjwa.

Hatusemi kwamba neno la chumvi ni uongo. Katika vyombo vya baharini mara nyingi kosa limo katika waya au swichi, wala si katika injini. Swichi yenyewe ni kitu kidogo: presha isipokuwapo inaunganisha umeme na taa inawaka, presha ikipanda inautenga na taa inazimika. Kwa hiyo waya ukichubuka na kugusa chuma cha injini, taa itawaka hata kama oili ni njema. Lakini waya ukikatika au ukining'inia hewani, taa haitawaka kamwe, hata injini iwe kavu kama jiwe. Mtu aliyeng'oa waya hana njia tena ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili, naye anakwenda baharini na roho za watu.

Yafaa basi tueleze jinsi fundi anavyopeleleza, maana kazi hii haihitaji zaidi ya saa moja. Kwanza zima injini, na kama upepo unakusukuma kwenye mwamba, tia nanga. Ngoja dakika chache oili iteremke, chombo kikiwa kimetulia, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikinuka petroli au dizeli, imekuwa nyepesi na haiwezi kushika presha. Ikiwa pungufu, usiongeze tu ukafurahi. Chungulia ngama uone kama imemwagikia huko. Kama oili ni ya kutosha na ni safi, fungua swichi, kaza mahali pake geji ya kweli yenye mpira wake, washa kidogo, usome. Katika injini nyingi ndogo taa huwaka presha ishukapo chini ya ratili kama 5 kwa inchi ya mraba. Mafundi wengi huhesabu ratili 10 kwa kila mizunguko 1000 ya dakika moja, lakini kitabu cha injini ndicho chenye neno la mwisho. Geji ikisoma vizuri, nunua swichi mpya, bei yake si kitu mbele ya bei ya injini. Ikisoma chini, usiwashe tena: huenda filta au chujio la bomba limeziba, au vali ya kupunguza presha imekwama wazi, au pampu imekwisha, au beringi zimelika.

Na kila asubuhi, geuza ufunguo kabla ya kuwasha. Taa lazima iwake. Isipowaka, yenyewe ndiyo mgonjwa.

Sisi tulikuta nini? Kijiti kilikuwa kikavu mpaka karibu na ncha. Mpira mmoja wa oili ulikuwa umesuguliwa na pembe ya chuma mpaka ukatoboka, na oili ilikuwa inaelea juu ya maji ya ngama, nyeusi, tele. Swichi tuliipeleka karakana kwa ruhusa ya foromani, tukaipa hewa ya presha: ikatenga, tukaiondolea, ikaunganisha. Mara kumi, bila kukosa hata moja. Kumbe kengele ilikuwa inasema kweli tupu.

Wako wenzetu wanaosema nahodha angekataa. Ni kweli, nasi tulimwambia usoni, akainama. Lakini tuwe waadilifu. Siku za mvuke, tanuru la gari la moshi lilikuwa na plagi ya risasi iliyoyeyuka maji yakipungua, na hakuna simu iliyoweza kuizuia isiyeyuke. Injini nyingi za dizeli za reli huzimika zenyewe presha ya oili ikishuka. Motaboti ile haikuwa na mlinzi ila mtu mmoja mwenye watoto wanne, na sauti ya tajiri sikioni.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibiwa kwa kosa la kusudi la mfanyakazi, tena kwa kiasi cha haki. Kutii amri ni kosa la kusudi la nani? Na kifungu cha 41 chasema anayetaka kufukuzwa kwa utovu wa adabu kazini asikizwe kwanza, pamoja na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama amchaguaye. Huyu hakuitwa. Aliambiwa langoni asiingie.

Maoni yetu ni kwamba tangu sasa kila amri ya kuondoa kengele au taa ya hatari, iwe garini, karakanani au chomboni, idaiwe kwa maandishi yenye sahihi. Asiyetaka kutia sahihi, aje auchomoe waya kwa mkono wake mwenyewe. Tumempa katibu maelezo yetu yote pamoja na mpira uliotoboka na swichi, apeleke kwa afisa wa kazi. Wanachama wenye ndugu katika motaboti za wageni wawaulize juma hili kama taa zao huwaka asubuhi, nao watuletee habari.