Familia Zilizofungwa Zipewe Filamu Zao

Filamu ya Kibrazili Ainda Estou Aqui ya Walter Salles, iliyopata Oscar mwaka 2025, haimfuati mwanasiasa Rubens Paiva ndani ya kasho alimouawa na utawala wa kijeshi mwaka 1971. Inabaki na mkewe Eunice, aliyezuiliwa siku 12, na watoto waliokuwa wakimngoja baba. Filamu kama hiyo Kongo tunaidai, kwa maana udikteta ukimkamata mtu, huikamata nyumba yake yote. Desemba 1960 Patrice Lumumba, waziri mkuu aliyeondolewa, alikuwa akikimbia na amekwisha kuvuka mto Sankuru. Alikamatwa kwa sababu alirudi kwa mkewe Pauline na mwanao mdogo Roland. Filamu ya Raoul Peck ya mwaka 2000 ni kazi kubwa, lakini njia inayoifuata ni ya Lumumba. Pauline aliishi mjane hadi 2014, na njia yake hiyo ndefu ndiyo ingetufundisha zaidi.

Kuna pia nyumba ya mpinzani Étienne Tshisekedi. Mwaka 1980 yeye na wabunge wenzake 12 walimwandikia dikteta Mobutu barua ya wazi. Baada ya kuanzisha chama cha UDPS mwaka 1982 alipelekwa kwa nguvu kijijini kwao Kasai, pamoja na familia. Mama na watoto waliruhusiwa kuondoka mwaka 1985. Mmoja wa watoto hao, Félix, ni rais tangu Januari 2019, na hapo wengi watasema: filamu hiyo itakuwa ya kumsifu mkubwa. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo sababu isitoke ikulu, na imwulize aliyekulia chini ya ulinzi wa askari wake za wafungwa wa leo wanapata jibu gani mlangoni pa gereza.

Wengine watasema mji wetu wa Goma unahitaji unga na usalama, si sinema. Unga kwanza, nakubali. Lakini huko huko Goma, mtaani Katindo, penye kambi ambamo askari waliishi na wake na watoto wao, hakuna anayehitaji kuelezwa jinsi siasa inavyoingia hadi jikoni. Uwezo pia upo: katika filamu yake ya mwaka 2020, mwongozaji Dieudo Hamadi aliwafuata majeruhi wa vita vya Kisangani wakishuka mto hadi Kinshasa kudai fidia. Vijana wenye kamera, anzeni na wamama wazee waliopeleka chakula gerezani wakati wa Mobutu. Warekodini mwaka huu.