Tuache Kuvisingizia Vitenzi vya Kihispania

Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwa watu wanaojifunza Kihispania, kuanzia waongoza watalii wa Arusha na Zanzibar hadi wanafunzi wa vyuo: kwamba vitenzi vya lugha hiyo ni fujo tupu, kwamba vingi havifuati kanuni yoyote, na kwamba dawa ni kukariri tu. Mwanafunzi hukabidhiwa jedwali la *poder*, kisha la *querer*, kisha la *dormir*, kisha la *pedir*, kila moja na maumbo yake sita, akaambiwa akayameze. Majedwali yakimlemea anaacha, na lawama inaangukia lugha. Naipinga imani hiyo bila kumung'unya maneno. Ni potofu, na inawafukuza darasani watu ambao wangeweza kabisa kukizungumza Kihispania.

Tukitazame *poder*, yaani kuweza, katika wakati uliopo: *puedo*, *puedes*, *puede*, *podemos*, *podéis*, *pueden*. Mwalimu wa kukaririsha atasema maumbo manne yana *ue*, mawili yana *o*, shikeni hivyo hivyo. Wapo wanaozungushia yale manne mstari, ukatokea mchoro unaofanana na kiatu, na vitenzi vyote vya aina hii vikapewa jina la kiatu. Mchoro huo unaonyesha kilichotokea, lakini hausemi kwa nini kimetokea.

Sasa yatamke kwa sauti, usikilize mkazo unakoangukia. Katika *puedo* mkazo uko juu ya *pue*. Katika *podemos* umehamia kwenye *de*, na katika *podéis* umekwenda mwisho kabisa. Kanuni ni hiyo tu: shina likibeba mkazo, *o* yake inakuwa *ue*, mkazo ukihama, *o* inabaki *o*. Kwa *querer* ni vivyo hivyo, ila hapo *e* ndiyo inayokuwa *ie*: *quiero*, lakini *queremos*.

Chanzo chake kinajulikana. Irabu fupi *e* na *o* za Kilatini, kila zilipobeba mkazo, kwa kawaida zilivunjika katika kinywa cha watu wa Castilla, huko Uhispania. *Terra* ikawa *tierra*, *porta* ikawa *puerta*. Zisipobeba mkazo zilisalimika, ndiyo maana mlango ni *puerta* lakini bawabu ni *portero*. Saba ni *siete* lakini sabini ni *setenta*. Tisa ni *nueve* lakini tisini ni *noventa*. Kitenzi *poder* kinatii sheria ileile inayotawala lugha nzima, halafu sisi tunakiita kikaidi!

Anayehitaji ushahidi zaidi aende Argentina. Huko, badala ya *tú* (wewe), watu husema *vos*, na umbo la kitenzi chake hubeba mkazo mwishoni: *podés*, *querés*, *contás*. Mkazo umeondoka kwenye shina, na *ue* na *ie* zimetoweka. Hakuna kamati iliyokaa Buenos Aires ikaamua hivyo. Kanuni imefanya kazi yake yenyewe.

Msemaji wa Kiswahili ndiye mwenye sababu ndogo kuliko wote ya kuiogopa kanuni hii. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na husogea neno linaporefuka: *soma* lina mkazo kwenye *so*, *someni* kwenye *me*. Maumbo matano kati ya sita ya *poder* yana mkazo mahali hapo hapo. Tena sisi wenyewe tuna vitenzi vinavyobadilika kwa sababu ya mkazo. Tunasema *anakula* na *amekula*, lakini *akila* na *hula*. Ile *ku* hubaki pale ambapo kiambishi cha wakati, kama *na* au *me*, hakiwezi kubeba mkazo. Mtoto wa Tanga au Mombasa hajawahi kukaririshwa jedwali la *kula*, na wala hakosei.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Watauliza: mbona *comer* inatoa *como* na si *cuemo*? Ni kweli, ukikitazama kitenzi kwenye kamusi huwezi kujua kama *o* yake itavunjika. Lakini jibu lake si jedwali la maumbo sita. Jifunze kila kitenzi kwa maumbo matatu: lile la kwenye kamusi, la "mimi" na la "yeye". *Tener, tengo, tiene. Pedir, pido, pide. Conocer, conozco, conoce.* Kutoka *tiene* unapata *tienes* na *tienen* kwa kuongeza herufi moja tu. Kutoka *tener* unapata *tenemos* na *tenéis*. Kazi imekwisha. Katika wakati uliopo, vitenzi vinavyogoma kweli mbele ya utaratibu huu ni *ser*, *ir* na *haber*, na hivyo utavisikia kila siku mpaka vikukae kichwani vyenyewe.

Gharama ya imani hii huonekana kazini. Gari limesimama karibu na simba, mgeni anauliza: *¿Podemos bajar?* Anataka kujua kama wanaruhusiwa kushuka. Aliyekariri jedwali anaanza kulipitia kichwani mstari kwa mstari, *puedo, puedes, puede*, na mkono wa mgeni uko tayari kwenye kitasa cha mlango. Aliyeielewa kanuni anajibu papo hapo: *No, aquí no pueden.*

Kwa hiyo nawaambia walimu na waandishi wa vitabu vya kujifunzia: acheni kuwatisha watu kwa orodha ndefu za vitenzi "visivyo vya kawaida" vilivyopangwa kwa alfabeti, *pedir* karibu na *poder* kana kwamba vina ugonjwa mmoja. Vipangeni kwa sababu zake. Fundisheni mkazo katika wiki ya kwanza, kabla ya jedwali lolote. Nawe mwanafunzi, ukipewa jedwali bila maelezo, uliza kwa nini, na usikubali kuambiwa kwamba ndivyo lugha ilivyo.